Padre Angelo Secchi: Mjesuiti aliyelichunguza jua juu ya paa la kanisa

Mhujaji anayeingia katika Kanisa la Mtakatifu Inyasi mjini Roma huinua macho na kuona kuba kubwa likipaa juu ya altare. Akisogea hatua chache hugundua kwamba amedanganyika: kuba lile ni mchoro tu, uliochorwa na Bruda Andrea Pozzo wa Shirika la Yesu juu ya turubai bapa. Kuba la kweli halikujengwa kamwe. Hata hivyo, nguzo nene zilizosimamishwa ili zibebe kuba hilo hazikukosa kazi. Katikati ya karne ya 19 zilibebeshwa darubini, na nyuma ya darubini alisimama padre mmoja ambaye kwa takriban miaka 28 alilitazama jua, siku baada ya siku, kila mawingu yalipompa nafasi. Jina lake ni Padre Angelo Secchi.

Tunapenda leo kuyasimulia maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba bado wapo waamini, hasa vijana wetu walioko shuleni na vyuoni, wanaodhani kwamba anayeshika sayansi hana budi kuiachilia imani. Ya pili ni kwamba Padre Secchi aliishi wakati ambapo mtu alilazimishwa kuchagua upande, na jinsi alivyochagua bila kumchukia aliyekuwa upande wa pili inatufaa sisi sote.

Angelo Secchi alizaliwa mwezi Juni 1818 katika mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, akiwa mtoto wa seremala. Alisomeshwa na Wajesuiti, na mwaka 1833, akiwa kijana mdogo bado, aliomba kupokelewa katika shirika lao huko Roma. Walezi wake waliona mapema kwamba alikuwa na kipaji cha hesabu na fizikia, kwa hiyo kabla hata hajamaliza masomo ya teolojia alitumwa kufundisha fizikia katika chuo cha shirika mjini Loreto. Alipewa daraja takatifu ya upadre mwezi Septemba 1847.

Furaha ya upadrisho haikudumu. Mwaka 1848 moto wa mapinduzi uliwaka katika nchi nyingi za Ulaya, nao Wajesuiti wakafukuzwa Roma. Padre huyo kijana alikimbilia kwanza Stonyhurst, Uingereza, kisha akavuka bahari hadi Marekani, akafundisha katika Chuo cha Georgetown karibu na mji wa Washington. Kama ilivyowatokea wakimbizi wengi, uhamisho ule ulimfungulia mlango ambao nyumbani usingefunguka. Georgetown ilikuwa na kituo cha kuangalia nyota, na huko ndiko elimu ya anga ilikomshika. Aidha, alifahamiana na Matthew Fontaine Maury, mtaalamu mashuhuri wa bahari na upepo, ambaye urafiki wao uliendelea kwa barua baada ya kuagana.

Wakati huohuo Padre Francesco de Vico, aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Collegio Romano, yaani chuo kikuu cha Wajesuiti cha Roma, alifariki dunia uhamishoni mjini London. Hali ilipotulia, Padre Secchi aliitwa arudi Roma kushika nafasi ya marehemu. Alikuwa na umri wa miaka kama 31 tu. Aliona upesi kwamba mnara wa zamani wa kituo hicho ulitikisika mno kuweza kubeba vyombo vikubwa. Ndipo akazikumbuka zile nguzo za Kanisa la Mtakatifu Inyasi, lililoshikamana na chuo. Kwa msaada wa Papa Pio IX kituo kipya kilijengwa juu ya paa la kanisa, na mwaka 1854 ikafika kutoka Ujerumani darubini bora ya fundi Merz, yenye lenzi ya upana wa sentimita 24, iliyonunuliwa kwa mali ya urithi wa Mjesuiti mwenzake.

Ili tuielewe kazi yake, yatupasa kwanza kujiuliza watu wa wakati ule walijua nini juu ya jua. Walijua kwamba liko mbali nasi kiasi cha kilometa milioni 150 hivi. Walijua kwamba lina madoa meusi, kwani tangu karne ya 17 Galileo Galilei na Mjesuiti Christoph Scheiner waliyachora na kushindana vikali juu ya maana yake. Mwaka 1843 Mjerumani Heinrich Schwabe alitangaza kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko, ambao baadaye ulipimwa kuwa miaka 11 hivi. Lakini jua lenyewe ni kitu gani? Wataalamu wakubwa walikuwa bado wakisema kwamba chini ya mwanga ule kuna gimba gumu na lenye giza, pengine hata lenye wakazi.

Padre Secchi hakuanza kwa kubishana. Alianza kwa kupima. Akitumia kifaa chepesi kuhisi joto, alielekeza kwenye kifaa hicho sehemu mbalimbali za taswira ya jua, akaona kwamba joto linalotoka katikati ya sura ya jua ni karibu maradufu ya lile litokalo ukingoni. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa: mwanga wa ukingoni hupita katika unene mkubwa zaidi wa hewa ya jua kabla ya kutufikia, nayo hewa hiyo huupunguza. Basi jua limefunikwa na angahewa lake lenyewe.

Mwezi Julai 1860 jua lilipatwa kabisa katika nchi ya Hispania, naye alisafiri hadi Desierto de las Palmas, mahali palipo na monasteri ya Wakarmeli karibu na bahari ya Mediteranea. Wakati huo kulikuwa na mabishano makali juu ya zile ndimi nyekundu zinazoonekana kuzunguka ukingo wa mwezi jua linapopatwa. Je, ni za jua, au ni za mwezi, au ni kiini macho tu? Padre Secchi na wenzake walipiga picha zao wakiwa hapo pwani, naye Mwingereza Warren De la Rue akapiga zake akiwa kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Picha hizo zilipolinganishwa, ndimi zilikuwa zilezile na umbo lao lilikuwa lilelile, huku mwezi ukionekana kupita mbele yake na kuzifunika upande mmoja na kuzifunua upande mwingine. Ubishi ukaisha: ndimi zile ni za jua.

Baadaye alikabidhiwa chombo kingine, spektroskopu, ambacho huupitisha mwanga katika kioo chenye pembe tatu na kuutawanya katika rangi za upinde wa mvua. Katikati ya rangi hizo huonekana mistari myembamba, na kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Kwa njia hiyo mtu aliyeko duniani aweza kujua nyota imeumbwa kwa nini bila kuigusa. Padre Secchi alichunguza mwanga wa nyota zaidi ya 4,000, akazigawa katika makundi machache kufuatana na mistari yake. Mgawanyo huo ndio mzazi wa mpangilio wa nyota unaotumika hadi leo, nao ulionyesha jambo ambalo lilikuwa likikisiwa tu: jua letu ni nyota miongoni mwa nyota, ndugu wa zile za manjano anazoziona mchungaji usiku malishoni.

Mwaka 1868 ilipogunduliwa kwamba kwa spektroskopu ndimi za moto zaweza kuonekana siku yoyote, bila kungoja jua kupatwa, Padre Secchi alizifanya kuwa kazi ya kila siku. Alizichora, akazihesabu, akapima urefu wake. Aliona pia kwamba tabaka jembamba lililo juu ya uso wa jua, liitwalo kromosfera, si laini, bali limejaa vichipukizi vingi vyembamba vya moto, mfano wa mbuga ya majani makavu inayoungua. Wataalamu wa leo bado wanavichunguza vichipukizi hivyo. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufundisha kwamba jua zima ni gesi yenye joto kali, na kwamba hakuna gimba baridi lililojificha ndani. Mambo haya yote aliyakusanya katika kitabu chake kikubwa kuhusu jua, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1870, kikapanuliwa na kuwa majuzuu mawili kati ya 1875 na 1877.

Jambo jingine lililomvuta ni uhusiano wa jua na sumaku ya dunia. Mwaka 1858 alianzisha chumba cha kupimia usumaku mjini Roma, ambamo sindano za sumaku zilisomwa kwa saa maalumu. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Septemba 1859, zilitokea vurugu za usumaku ambazo hazijasahaulika: simu za waya za Ulaya na Marekani zilivurugika, na nuru za ncha za dunia zikaonekana katika nchi zisizozizoea. Sindano za Roma nazo ziliyumba, na vipimo vilivyoandikwa vinatumiwa hata sasa na wanaochunguza tufani ile. Padre Secchi aliamini kwamba kati ya madoa ya jua na mtikisiko wa sindano zake kuna undugu, ingawa hakuweza kueleza undugu huo ni wa namna gani.

Tunafika sasa kwenye majaribu makubwa ya maisha yake. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Ufalme wa Italia yaliingia Roma, na utawala wa kidunia wa Papa ukakoma. Collegio Romano ikatwaliwa na serikali. Viongozi wapya walijua thamani ya Padre Secchi. Walimpa kiti cha kufundisha katika chuo kikuu cha Roma na kumwahidi heshima nyingine. Hapo ndipo moyo wake uliposongwa pande mbili. Akikataa, huenda angepoteza darubini, kituo, na kazi ya miaka 20. Akikubali, ingeonekana kwamba amemwacha Baba Mtakatifu katika saa ya udhaifu wake, na amewaacha ndugu zake waliokuwa wakiondolewa katika nyumba zao. Hatimaye aliachana na kiti hicho cha chuo kikuu na kubaki mwaminifu kwa Papa na kwa shirika lake.

Lakini tuangalie alivyoutunza uaminifu huo. Mwezi Desemba mwaka uleule, miezi mitatu tu baada ya Roma kutekwa, jua lilipatwa kisiwani Sicilia. Wataalamu wa Italia yote, wengi wao wakiwa watumishi wa ile serikali mpya, walikusanyika kwenda kulichunguza. Padre Secchi alikwenda pamoja nao, akaweka vyombo vyake Augusta. Mwaka 1871 yeye na Pietro Tacchini wa Palermo, aliyekuwa mtu wa serikali, waliunganisha nguvu katika chama cha wachunguzi wa spektra cha Italia, na jarida la chama hicho likawa miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kushughulikia umbile la jua na nyota. Padre wa Papa na mtumishi wa Mfalme walichora jua moja, kwa utaratibu mmoja, wakalinganisha michoro yao. Hakuna aliyemtaka mwenzake aikane dhamiri yake kwanza.

Mwaka 1873 sheria ya kuyavunja mashirika ya kitawa ilifika Roma, na Wajesuiti wakatawanywa. Hata hivyo heshima aliyokuwa nayo Padre Secchi katika nchi za nje ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali haikuthubutu kumtoa juu ya paa lake. Aliachwa aendelee na kazi, akiwa amezungukwa na jengo lisilokuwa tena la shirika lake. Alifariki dunia tarehe 26 Februari 1878 kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo, siku 19 baada ya kifo cha Papa Pio IX aliyekuwa mlezi wake. Mwaka uliofuata serikali ilikitwaa kituo, na aliyewekwa kukisimamia alikuwa yuleyule Tacchini.

Padre Secchi alikufa bila kupata jibu la swali kubwa kuliko yote: jua linapata wapi moto wake? Wataalamu wa wakati wake walidhani kwamba jua hujikunja polepole kwa uzito wake na kwamba kujikunja huko ndiko huleta joto. Naye aliifuata nadharia hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bora. Lakini ilikuwa na kasoro: moto wa namna hiyo ungedumu kwa makumi ya mamilioni ya miaka tu, na miamba ya dunia ilionyesha umri mkubwa kuliko huo.

Jibu lilikuja kwa awamu, kwa mikono ya wengine. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale alithibitisha kwamba madoa ya jua ni sehemu zenye usumaku wenye nguvu mno. Usumaku huo huzuia joto lisipande kutoka chini, ndiyo maana doa huwa baridi kuliko sehemu zinazolizunguka na kuonekana jeusi. Usumaku huohuo ndio hushikilia ndimi za moto angani, na unapokatika na kujiunga upya hurusha mawingu ya chembe zenye umeme yanayoweza kuifikia dunia na kuyumbisha sindano. Undugu ule aliouhisi Padre Secchi ulikuwa wa kweli. Mwaka 1925 Cecilia Payne alionyesha kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu iliyo kubwa kabisa. Na mwishoni mwa miaka ya 1930 Hans Bethe alieleza jinsi viini vya haidrojeni, katika kitovu cha jua chenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, vinavyoungana kuwa heliamu. Kila sekunde tani milioni 4 hivi za maada hugeuka kuwa nishati. Nishati hiyo huchukua maelfu mengi ya miaka kupenya tabaka za ndani hadi usoni, ambako joto ni nyuzi 5,500 hivi. Kisha mwanga husafiri dakika 8 tu kutufikia. Mwanga uliomwangukia mkulima asubuhi ya leo ulianza safari yake kabla ya mababu ambao majina yao yamesahaulika.

Hapa tunaona funzo la kwanza. Padre Secchi hakulijaza pengo la ujuzi wake kwa jina la Mungu. Hakusema kwamba, kwa kuwa hatujui kinachowasha jua, basi uchunguzi ukome. Mungu aliyemwamini hakuwa Mungu wa kujificha katika mambo ambayo binadamu bado hajayafahamu, ili afukuzwe hatua kwa hatua kadiri maarifa yanavyoongezeka. Alikuwa Muumba wa vyote, vinavyojulikana na visivyojulikana. Kwa hiyo padre huyo aliweza kukosea bila aibu na kusahihishwa bila hofu, akijua kwamba ukweli hauwezi kupingana na ukweli.

Funzo la pili ni lile la Augusta. Katika nchi zetu, siasa zinapopamba moto, mara nyingi hata jumuiya ndogondogo za Kikristo hugawanyika, na jirani hamwamkii jirani. Padre Secchi alipoteza mengi mikononi mwa serikali ile, na hakuuficha msimamo wake. Lakini hakuukataa mkono wa mtu wa upande wa pili palipokuwa na kazi njema ya kufanya pamoja. Kusimama imara si lazima kuwe kugeuziana visogo.

Kazi yake imeendelea kuishi. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliuanzisha upya uchunguzi wa nyota wa Vatikani, ambao leo uko mikononi mwa Wajesuiti. Vyombo vya kulitazama jua vilivyorushwa angani na Marekani mwaka 2006 katika safari ya STEREO vilipewa jina lake. Na hata karibu nasi jina hilo linatamkwa: wataalamu wa Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika wanapotaka kupima uangavu wa maji, hushusha kwa kamba kisahani kiitwacho kisahani cha Secchi, ambacho mfano wake wa kwanza yeye alijaribu baharini mwaka 1865, akiwa ndani ya meli ya Papa. Hushushwa mpaka kisionekane, kisha kina huandikwa. Ni kipimo chepesi, cha mtu aliyependa kuandika kwa uaminifu umbali ambao jicho lake lilifika, na pale liliposhindwa kuona zaidi.

Tumwombe Mwenyezi Mungu awainue katika majimbo yetu mapadre, watawa na walei wa namna hiyo, wenye macho ya subira na mioyo isiyogawanyika. Nao wazazi wenye mtoto anayeuliza maswali mengi juu ya jua na nyota, wasimkemee. Wamwache aulize, na wamwombee.